Mikoromo Ikiisha, Bado Hatujapima

Malalamiko yameongezeka katika kliniki yetu ya usingizi hapa Nairobi, na ni ya aina mbili. Kuna anayerudisha mashine ya hewa baada ya siku nne akidai haimsaidii. Kuna na ambaye haonekani tena: mkewe ameacha kulalamikia mikoromo, basi mashine imepanda juu ya kabati, naye amejitangaza kuwa amepona. Mashine hii si dozi ya kumaliza. Unaivaa usiku kwa barakoa, nayo inasukuma hewa ili koo lisizibe na kukata pumzi ukiwa usingizini. Ukiivua, koo linarudia tabia yake.

Nafuu tunaipima kwa kulinganisha. Hojaji ya Epworth, aliyoitunga daktari Murray Johns wa Melbourne mwaka 1991, ina hali 8, kila moja ikipewa alama 0 hadi 3 kwa kadiri unavyoweza kusinzia ukiwa katika hali hiyo. Jumla ikizidi 10 kati ya 24, usingizi wa mchana umepita kiasi. Ikishuka kwa alama 2 au 3 tangu uanze matibabu, tunasema pana nafuu. Alama 1 yaweza kuwa umeamka vizuri siku hiyo tu.

Tafadhali jaza ukweli. Swali moja linahusu kuwa garini likiwa limesimama dakika chache kwenye msongamano, na kila wiki naulizwa, “Daktari, sina gari, niweke sifuri?” Hapana. Swali ni kama ungesinzia ukiwa katika hali hiyo. Kwa swali la abiria wa saa nzima bila kusimama, fikiria matatu ya kwenda Nakuru. Madereva nao huandika sifuri nane kwa kuhofia kazi. Mmoja alimaliza kuandika akasinzia papo hapo kwenye benchi, kalamu mkononi.

Utaratibu ni huu. Hojaji hujazwa kabla ya kuanza mashine, kisha tena siku ya kurudi, na ni mgonjwa mwenyewe anayejaza, si mwanawe. Asiye na ile ya kwanza hana cha kulinganishwa nacho, hivyo faili yake inabaki wazi na barua ya mwajiri haitiwi sahihi. Njoo na kadi ya kumbukumbu iliyo ndani ya mashine. Tunatafuta angalau saa 4 za kuivaa kila usiku, katika asilimia 70 ya siku, yaani siku 21 kati ya 30. Chini ya hapo hatusemi matibabu yameshindwa, hayajajaribiwa. Stima ikipotea, andika tarehe, la sivyo usiku huo tutauhesabu kuwa hukuvaa.

Kadi inaonyesha pia pumzi inakatika mara ngapi kwa saa. Kuanzia 30 ni ugonjwa mkali. Ukiwa na mashine tunataka chini ya 5. Wapo wanaofika 3 na bado wanasinzia mchana, na hao hawatudanganyi. Hapo tunauliza mengine: zamu za usiku, dawa wanazomeza, msongo wa mawazo, tezi ya shingo, au kwamba mtu analala saa sita usiku na saa kumi na nusu yuko stejini.

Barakoa ije pia, pamoja na mikanda yake, na ndevu zako kama zilivyo kila siku. Ukizinyoa asubuhi ya kliniki, hatutaona hewa inavujia wapi.