Aliyeipeleka Samansi Ni Shahidi Wako: Hatari za Kukodi Wapelekaji Huru wa Majimbo Mengine

Kazi yangu katika ofisi ya mawakili hapa Dallas ni kuifuatilia samansi tangu karani wa mahakama anapoigonga muhuri hadi uthibitisho wa kufikishwa kwake unapoingia kwenye jalada. Wadai wengi, wakiwamo Waafrika Mashariki wenye biashara ndogo za malori na za kuhudumia wazee majumbani, huiona hatua hii kuwa ya utarishi tu, na kwa sababu hiyo huitafutia bei ya chini kabisa. Sheria ya Marekani haiioni hivyo. Mahakama haina mamlaka juu ya mdaiwa ambaye hajaarifiwa ipasavyo, na tangu Mahakama ya Juu ilipoamua shauri la Mullane mwaka 1950, taarifa hiyo ni lazima itolewe kwa njia ambayo, kwa kuzingatia mazingira yote, inatarajiwa kweli kumfikia mhusika.

Siku hizi mambo huenda hivi. Shauri limefunguliwa Texas na mdaiwa anaishi Florida. Ofisi ya wakili inapakia samansi kwenye tovuti ya kampuni iliyo katika jimbo la tatu. Kampuni hiyo inaikabidhi kwa wakala mdogo aliye karibu na anakoishi mdaiwa. Wakala anaitangaza kazi hiyo kwenye simu za makandarasi wake wa kujitegemea, na mmoja wao, ambaye pengine siku hiyo hiyo anasambaza vyakula na vifurushi, anaikubali. Hulipwa kwa kila samansi, wala si kwa saa alizotumia kumsubiri mdaiwa arudi nyumbani. Aliye chini kabisa katika mlolongo huo hajui shauri linahusu nini, wala ni tarehe gani ikipita madai yatakuwa yamekufa.

Mdai anadhani amenunua usafirishaji wa karatasi. Alichonunua hasa ni kiapo, kwa kuwa karatasi ikishatoka mkononi, kinachobaki mahakamani ni maneno ya mtu mmoja anayeapa kwamba siku fulani, saa fulani, mahali fulani, alimkabidhi fulani nyaraka hizi. Mdaiwa akikana, mtu huyo anageuka kuwa shahidi muhimu kuliko wote. Mjini New York mahakama inaweza kuitisha kikao maalumu cha kuchunguza jinsi samansi ilivyofikishwa, na katika mahakama ya madai ya jiji hilo mpelekaji anatakiwa aje na kumbukumbu zake zote za kazi. Asipokuja, au akija bila kumbukumbu, mdai hana cha kusimamia.

Sasa fikiria kwamba mtu huyo yuko jimbo jingine na hana mkataba wowote nawe. Hati ya Texas ya kumwita shahidi haiwezi kumlazimisha mtu kufika katika kaunti iliyo zaidi ya maili 150 kutoka anakoishi au alikokabidhiwa hati hiyo, na amri ya mahakama za Texas haivuki mpaka wa jimbo. Ushahidi wake unaweza kuchukuliwa huko huko aliko, lakini kwa hati inayotolewa na mahakama ya huko, kwa gharama inayozidi mara nyingi akiba iliyomvutia mdai tangu mwanzo. Na hayo yote yanahitaji kwanza apatikane. Katika shauri moja nililolishughulikia, kampuni tuliyoilipa ilitujibu kwamba wakala wake amekwisha kuachana na mkandarasi aliyeapa, na kwamba nambari yake ya simu haipatikani tena. Kiapo chake kilikuwa kwenye jalada letu, kimesainiwa vizuri, na hapakuwa na mtu wa kukitetea.

Texas ni jimbo kali katika jambo hili. Mdaiwa aliyehukumiwa kwa hukumu ya upande mmoja, bila kushiriki katika kesi, anaweza kukata rufaa ya pekee ndani ya miezi 6 kwa kuonyesha kosa lililo wazi kwenye jalada, na katika rufaa hiyo mahakama haidhanii chochote kwa faida ya mdai: kama uthibitisho haukufuata kanuni barabara, hukumu inatenguliwa. Mahakama ya Juu ya Texas ililisema hilo waziwazi mwaka 1994 katika shauri la Primate Construction dhidi ya Silver. Kanuni ya 107 ya Texas inataka uthibitisho uonyeshe mambo mengi madogo madogo, kama tarehe na saa ambayo mpelekaji alizipokea nyaraka, anwani, namna alivyozikabidhi, na kwa mwenye cheti cha jimbo, nambari yake na tarehe ya cheti kuisha. Mkandarasi aliyezoea fomu za jimbo lake hujaza fomu za jimbo lake.

Na mdai asijifariji kwamba deni lilikuwa la kweli. Katika shauri la Peralta dhidi ya Heights Medical Center, lililotokea hapa hapa Texas, hospitali ilipata hukumu ya upande mmoja dhidi ya mtu aliyemdhamini mfanyakazi wake kwa deni la takriban dola 5,600, na mali yake isiyohamishika ikauzwa ili kulilipa. Samansi ilikuwa imefikishwa nje ya muda. Mahakama za Texas zilimtaka aonyeshe kwanza kwamba alikuwa na utetezi wa maana; Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa mwaka 1988, ikasema kwamba hukumu iliyotolewa bila taarifa halali haiwezi kusimama hata kama mdaiwa hana utetezi. Uamuzi huo ninauona wa haki kabisa. Mtu aliyearifiwa angeweza kupatana na anayemdai, au kuiuza mali yake mwenyewe kwa bei nzuri.

Kuna pia suala la muda, ambalo wadai wengi hawalijui hadi wameumia. Katika mahakama za shirikisho mdai ana siku 90 za kufikisha samansi, zilizopunguzwa kutoka 120 mwezi Desemba 2015. Kwa mashauri ya majeraha ya mwili katika mahakama za Texas, kufungua shauri ndani ya miaka 2 ya ukomo, yaani muda ambao ukipita madai hayawezi tena kufunguliwa, hakutoshi: ikiwa samansi imefikishwa baada ya ukomo kupita, mdai lazima athibitishe kwamba alifanya bidii muda wote. Uzembe wa mkandarasi huhesabiwa kuwa wa mdai. Katika shauri la Proulx dhidi ya Wells, lililoamuliwa mwaka 2007, mdai aliokolewa na kumbukumbu: wapelekaji wawili na wapelelezi wawili walikuwa wamejaribu angalau mara 30, kwenye anwani 5, kwa karibu miezi 9, na kila jaribio lilikuwa limeandikwa. Mlolongo wa makandarasi watatu kwa kawaida hurudisha sentensi moja tu, kwamba mdaiwa hakupatikana, na wiki sita za kimya zilizotangulia hazina maelezo.

Leseni ni eneo jingine la mkanganyiko, kwa sababu sheria mbili hufanya kazi kwa wakati mmoja. Kanuni ya 108 ya Texas humruhusu mtu yeyote wa miaka 18 au zaidi asiye na maslahi katika shauri kumfikishia samansi mdaiwa aliye nje ya jimbo. Hiyo inajibu kama samansi itatambuliwa Dallas. Haijibu kama mkandarasi anaruhusiwa kuifanya kazi hiyo huko aliko. California humtaka anayefikisha samansi zaidi ya 10 kwa mwaka kwa malipo ajisajili kwa karani wa kaunti na kuweka dhamana ya dola 2,000. Jiji la New York humtaka leseni anayefikisha 5 au zaidi kwa mwaka. Arizona ina vyeti vinavyosimamiwa na mahakama. Florida humtaka mpelekaji aandike tarehe, saa, herufi za jina lake au saini, na nambari yake ya utambulisho kama anayo, juu ya nakala anayoikabidhi, na mahakama ya rufaa ya huko imewahi kuitupa samansi iliyokosa saa peke yake. Texas na New York zinakataza samansi za kawaida za madai zisifikishwe Jumapili. Majimbo mengi hayana katazo hilo, na mkandarasi hupenda Jumapili kwa kuwa watu wako nyumbani.

Malipo ya kila samansi yana hatari yake, na New York ndiko ilikoonekana kwa ukubwa wake. Mwaka 2009 mwanasheria mkuu wa jimbo hilo, Andrew Cuomo, aliomba hukumu zipatazo 100,000 zitenguliwe, akidai kwamba wapelekaji walikuwa wakizitupa samansi na kuapa kwamba wamezifikisha. Katika shauri la Sykes dhidi ya Mel Harris, lililofunguliwa mwaka huo huo, kumbukumbu zilionyesha mara mamia kadhaa ambapo mpelekaji mmoja alidai kuwa mahali pawili au zaidi kwa wakati mmoja. Shauri hilo lilimalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 59, na walioshtakiwa hawakuwa wapelekaji peke yao: ilikuwamo ofisi ya mawakili na kampuni iliyonunua madeni. Tangu sheria ya jiji ya mwaka 2010, mpelekaji wa New York lazima abebe kifaa kinachorekodi mahali alipo na saa.

Wakili hawezi kujitoa kwa kusema kwamba aliyekosea ni mkandarasi. Kanuni ya mfano ya 5.3 ya Chama cha Mawakili cha Marekani inamwajibisha kuwasimamia wasio mawakili anaowatumia, na maoni rasmi ya chama hicho ya mwaka 2008 yalilithibitisha hilo kwa kazi zinazotolewa nje ya ofisi. Ugumu ni kwamba kadiri unavyomwelekeza mkandarasi saa, njia na namna ya kufanya kazi, ndivyo anavyozidi kufanana na mwajiriwa, hasa California, ambako tangu Januari 2020 sheria humchukulia mfanyakazi kuwa mwajiriwa hadi masharti matatu yathibitishwe. Kwa hiyo kampuni za kati huogopa kutoa maelekezo, nazo hubaki na mtu ambaye hakuna aliyemweleza lolote.

Sisi tumeacha kutuma samansi bila kwanza kujua jina la atakayegonga mlango. Mkataba wetu unamtaka wakala asiihamishe kazi bila idhini ya maandishi, atume nambari ya leseni kabla ya jaribio la kwanza, aandike kila jaribio pamoja na picha yenye saa na mahali, na amlete aliyeapa kutoa ushahidi kwa gharama iliyokubaliwa mapema. Fomu ya uthibitisho huandaliwa hapa Dallas, na tunaisoma kabla haijasainiwa, kwa kuwa kosa la tarehe ni rahisi kurekebishwa wakati mpelekaji bado analikumbuka jambo. Ukomo ukiwa umekaribia, tunatuma wawili kwenye anwani mbili kwa wakati mmoja. Gharama hupanda, na mteja huonyeshwa tofauti hiyo kwa maandishi kabla hajasaini makubaliano na ofisi.