Bei ya mfumo wa chuo haiko kwenye profoma

Wiki ya usajili mwaka jana, kijana mmoja wa Ukerewe alisimama dirishani kwangu na risiti tatu za wakala. Ya kwanza laki mbili, ya pili laki moja na nusu, ya tatu elfu themanini. Mama yake anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inakaa ufukweni siku kadhaa, na ada nayo inakaa. Ofisi nzima inalijua hilo. Mfumo wetu wa kompyuta, unaosimamia usajili na ada, haukulijua. Ulitengenezwa kwa ajili ya mzazi anayelipa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo ulimfungia kijana usajili kwa deni la elfu sabini.

Tulipoiomba kampuni iliyotuuzia mfumo iongeze kipengele cha kulipa kwa mafungu, walijibu ndani ya saa moja, kwa adabu kabisa, wakiwa na bei.

Naandika haya nikiwa upande wa fedha na mifumo ya chuo, na nawaandikia wakuu wa vyuo pamoja na wazazi, maana ada ndiyo inayolipia mfumo.

Tuanze na hesabu. Chukua chuo cha mfano chenye wanafunzi 3,000, na kampuni ya nje inayotoza dola 12 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Hizo ni dola 36,000. Mkataba ukiruhusu bei ipande asilimia 7 kila mwaka, mwaka wa 10 mtalipa zaidi ya dola 66,000 kwa wanafunzi walewale. Halafu kuna kodi ya zuio. Malipo ya huduma kwa kampuni isiyo mkaazi hukatwa asilimia 15. Mara nyingi kuna sentensi ndogo kurasa za nyuma inayosema kampuni ipokee fedha yake kamili bila makato. Ukiisaini, kodi umeibeba wewe: ili wapate 36,000, inabidi utoe 42,353, na zile 6,353 zinakwenda TRA, mamlaka ya mapato, kutoka mfukoni mwa chuo. Ada unakusanya kwa shilingi, deni liko kwa dola. Sijagusa bado mafunzo, kuhamisha kumbukumbu za zamani, wala dizeli ya jenereta.

Wanaonunua leseni moja kwa moja nao wasijione wamepona. Ada ya matengenezo kwa kawaida huwa karibu asilimia 20 ya bei ya leseni kila mwaka, kwa hiyo baada ya miaka mitano mmeilipia mara ya pili.

Programu huria zipo, na nazipenda: Moodle kwa kufundishia, Koha kwa maktaba. Bure yake ni ya leseni tu. Lazima awepo mtu anayeijua seva, alipwe mshahara wa kumfanya asihamie Dar es Salaam. Kwa upande wa utawala, Wamarekani walijaribu njia ya kuchangiana: kuanzia mwaka 2004, University of Hawaii na Indiana University zilikuwa miongoni mwa walioanzisha Kuali, mfumo wa fedha uliojengwa na vyuo vyenyewe kwa gharama ya pamoja. Hata wao, mwaka 2014 kazi ile iliundiwa kampuni ya kibiashara. Bado naamini vyuo vya Kanda ya Ziwa vingeweza kugawana watu wawili watatu wazuri kuliko kila kimoja kulipa peke yake, ila hilo linahitaji wakuu wa vyuo wakae meza moja, na mnajua ilivyo.

Sasa siku ya maonyesho. Wauzaji huja na mwanafunzi wao wa mfano, ambaye amefaulu kila somo na hajawahi kudaiwa hata senti. Usimkubali. Njoo na mafaili yako magumu, majina yakiwa yamefichwa. Mletee aliyerudia kidato cha nne, ana namba ya NECTA, baraza la mitihani, inayoanza na S ya mtahiniwa wa shule, na nyingine inayoanza na P ya mtahiniwa wa kujitegemea. Mletee aliyeahirisha mwaka kwa ugonjwa, akarudi ada ikiwa imepanda. Mletee ambaye mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, umefika pungufu, na namba yake ya malipo, ile tunayoiita kontroli namba, imeisha muda. Mwambie muuzaji aingize mbele yako, msajili na mhasibu wakiwa wamekaa hapo. Kisha aitoe taarifa kwa mpangilio unaotakiwa na wasimamizi wa vyuo, TCU au NACTVET. Akisema "hilo litakuja kwenye toleo lijalo", andika kwenye daftari: halipo.

Taratibu za serikali nazigusa tu. Vyuo vya umma vinanunua kupitia NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali mtandaoni, na chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 mradi wa TEHAMA hupelekwa kwanza eGA, mamlaka ya serikali mtandao. Wote, wa umma na binafsi, wanabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023; uliza seva iko nchi gani kabla hujauliza rangi ya nembo.

Kinachosahaulika zaidi ni kuondoka. Kampuni hununuliwa: PeopleSoft, iliyotumiwa na vyuo vingi Marekani, ilikuwa mali ya Oracle kufikia Januari 2005. Mkataba useme siku mkiachana mtapewa nini, kwa muundo gani, ndani ya siku ngapi, bila malipo. Sisi wetu ulisema "nakala ya kumbukumbu". Tulipewa, kweli: matokeo ya miaka yote kwenye PDF, kurasa kwa maelfu. Makarani watatu walikaa muhula mzima wakichapa alama moja moja.

Siku hizi kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi tunachukua nakala ya kumbukumbu na kuifungua kwenye kompyuta ya zamani iliyoko stoo, tuone kama inasomeka. Mara ya kwanza ilifunguka vizuri, vijana wa TEHAMA wakaanza kufunga vifaa. Mhasibu akawazuia. Majina yalikuwepo, alama zilikuwepo, ila jedwali la malipo halikuwemo.