Tindikali ya udongo kwenye bluberi: maana yake na jinsi ya kuidhibiti

Tindikali ya udongo ni kiasi cha ayoni za haidrojeni zilizomo kwenye maji ya udongo, yale ambayo mizizi huyanywa. Hupimwa kwa pH: 7 ni katikati, chini ya hapo ni tindikali, juu yake ni alikali. Mahindi, maharage na kabichi hustawi vizuri kwenye pH 6 hadi 7. Bluberi inataka 4.5 hadi 5.2, na ikipita 5.5 huanza kudhoofika. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho, kwa sababu kila namba moja ya pH ni mara kumi: udongo wa 4.5 una tindikali mara 100 zaidi ya udongo wa 6.5.

Jambo hili halikujulikana hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1906 Frederick Coville, mtaalamu wa mimea wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, alianza kuchunguza kwa nini bluberi za porini hazikubali kuhamishiwa bustanini. Udongo mzuri wa bustani, wenye rutuba na chokaa, ndio uliozidhoofisha. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1910. Elizabeth White, ambaye familia yake ilikuwa na mashamba Whitesbog, New Jersey, aliyasoma akamwandikia, na kazi yao ya pamoja ikazaa mavuno ya kwanza ya bluberi za kulimwa yaliyouzwa sokoni mwaka 1916. Aina zilizofuata, zikiwemo zile zisizohitaji baridi kali zilizozalishwa Florida na ambazo ndizo zinazofaa nchi za joto, zimebadilika kwa mengi. Haja ya tindikali haikubadilika.

Sababu yake kubwa ni madini ya chuma. Udongo mwekundu wa nyanda zetu za juu umejaa chuma, ndicho kinachoupa rangi, lakini chuma kilichoganda hakinyonyeki. Kila pH inapopanda namba moja, chuma kinachoweza kuyeyuka hupungua karibu mara 1000. Mimea mingine ina mbinu za kukitafuta. Bluberi ina mizizi myembamba isiyo na vinyweleo, na mingi imo ndani ya sentimita 30 za juu. Porini husaidiwa na kuvu wanaoishi ndani ya seli za mizizi, nao pia wamezoea udongo wa tindikali wenye mboji nyingi.

Sababu ya pili ni naitrojeni. Bluberi hupendelea naitrojeni iliyo katika hali ya amonia, na uwezo wake wa kutumia ile ya naitreti ni mdogo. Kwenye udongo wa tindikali, bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti hufanya kazi polepole, hivyo amonia hudumu. pH ikipanda, bakteria hao huchangamka, na mkulima hulipia mbolea ambayo mmea wake hauna uwezo mkubwa wa kuitumia.

Dalili huanzia kwenye majani machanga: yanakuwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Hapo ndipo wengi hukosea. Upungufu wa naitrojeni huanza kwenye majani ya zamani, na jani lote hupauka kwa usawa. Upungufu wa magnesi nao huanza kwa majani ya zamani, yakigeuka mekundu au njano kati ya mishipa. Mmea ukinyauka ilhali udongo una maji, chimbua mizizi: ikiwa ya kahawia na imelainika, shaka iende kwa ugonjwa wa kuoza mizizi unaoletwa na vimelea viitwavyo Phytophthora, ambao hupenda udongo unaotuamisha maji. Huo hauponywi kwa kushusha pH. Kunyunyizia chuma kwenye majani hurudisha kijani kwa muda tu. Majani yatakayochipua baadaye yatakuwa njano tena, kwa kuwa udongo haujaguswa.

Pima kabla ya kununua mche hata mmoja. Chukua udongo sehemu 10 hadi 15 kwa mwendo wa zigizaga, kina cha sentimita 0 hadi 30, changanya kwenye ndoo safi, peleka nusu kilo maabara. Maabara za taasisi ya utafiti wa kilimo KALRO huko Kabete nchini Kenya, na za taasisi ya utafiti wa kilimo TARI huko Mlingano au chuo kikuu cha kilimo SUA Morogoro nchini Tanzania, zina uzoefu wa kupima udongo. Ukiwa na kipimo chako cha kidijitali, kirekebishe kwanza kwa maji maalumu ya pH 4 na 7, koroga gramu 20 za udongo mkavu kwenye mililita 50 za maji yaliyotoneshwa, subiri dakika 30, kisha soma. Vile vijiti vya bei rahisi vya kuchomeka ardhini havifai kwa uamuzi huu.

Ikiwa pH iko juu, dawa yake ni salfa tupu, ya aina ileile ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga. Salfa yenyewe si tindikali. Bakteria wa udongo huila na kutoa asidi ya salfa, na kwa kazi hiyo wanahitaji joto, unyevu na hewa. Ndiyo maana huchanganywa na udongo miezi 6 hadi 12 kabla ya kupanda. Kushusha pH kutoka 5.5 hadi 4.5 kunahitaji takriban gramu 40 kwa mita moja ya mraba kwenye kichanga, 120 kwenye tifutifu na 180 kwenye mfinyanzi. Ukianzia 6.0, ni karibu 60, 175 na 260. Mfinyanzi hudai zaidi kwa sababu chembe zake hushikilia akiba ya madini inayopinga badiliko. Pima tena baada ya miezi sita. Usiongeze kwa kukisia. Aluminiamu salfeti hufanya kazi haraka, lakini huhitajika karibu mara sita zaidi, na aluminiamu ikizidi huumiza mizizi. Afadhali subira.

Baada ya hapo mbolea ndiyo inayolinda au kuharibu kazi yote. pH ikiwa juu ya 5.0, tumia SA (amonia salfeti), ambayo amonia yake huongeza tindikali. Ikishuka chini ya 5.0, hamia urea. Mbolea ya CAN iepuke: ina naitreti na chokaa kwa pamoja. MOP, yaani potasiamu kloridi, nayo iache kwa sababu ya kloridi yake. Potasiamu ichukue kwenye potasiamu salfeti. Jivu na kinyesi cha kuku wa mayai visifike kabisa. Mche wa mwaka wa kwanza hutosheka na gramu 30 hivi za SA kwa mwaka, wa pili 60, zikigawanywa kidogo kidogo na kumwagwa mbali na shina, maana mizizi hii huungua upesi kwa chumvi.

Maji ndiyo yanayosahaulika zaidi. Maji mengi ya visima virefu yana baikaboneti, na hiyo ni chokaa inayoingia shambani kwa bomba. Kisima chenye miligramu 183 za baikaboneti kwa lita huleta nguvu sawa na gramu 150 za chokaa katika kila lita 1000. Mwagilia mwaka mzima, na sehemu nzuri ya salfa uliyoweka itakuwa imezimwa. Kuua asilimia 80 ya baikaboneti hiyo kunahitaji takriban mililita 65 za asidi ya salfa ya asilimia 98 kwa lita 1000. Vaa glavu na miwani, na mimina asidi ndani ya maji. Usimimine maji ndani ya asidi, yatachemka na kukurukia. Maji ya mvua hayana tatizo hili.

Maeneo ya chai kama Limuru, Kericho, Mufindi na Rungwe yana nafuu, kwa kuwa chai nayo hupenda pH ya 4.5 hadi 5.5. Shida huko huwa mfinyanzi mzito, hivyo inua matuta ya sentimita 30 na uchanganye maranda ya msonobari, ukikumbuka kwamba yanapooza hula naitrojeni. pH ikishuka chini ya 4.0, manganizi huyeyuka kupita kiasi na kudhuru mmea. Hapo chokaa kidogo ya dolomiti inaruhusiwa.

Kuna udongo usiofaa kupigana nao. Dondoshea siki kwenye bonge kavu: likitoa mapovu, lina chokaa huru, na salfa utakayoweka itaishia kuila chokaa hiyo. Panda kwenye vyungu vya lita 25 au zaidi vyenye nyuzi za nazi na perlaiti (chembe nyepesi za mawe zinazopitisha hewa), na kila wiki pima pH ya maji yanayotoka chini ya chungu. Yakizidi 5.5 mara mbili mfululizo, anza kukagua maji unayomwagilia kabla ya kugusa mbolea.