Ishara kwa nyuzi za keneli na NFS iliyogoma: dhana potofu na ukweli

Dhana: Amri ya kill -9, inayotuma ishara ya SIGKILL ya kuua mchakato, haina mshindani.

Ishara, yaani taarifa fupi inayotumwa kwa mchakato, haijitekelezi yenyewe, bali husubiri mpokeaji aishughulikie. Katika Linux, nyuzi za keneli, yaani kazi zinazoendeshwa ndani ya kiini cha mfumo endeshi, zile ambazo amri ya ps huyaonyesha majina yake ndani ya mabano ya mraba, kwa kawaida huanzishwa zikipuuza ishara zote, na uzi huanza kuisikia ishara fulani pale tu msimbo wake unapoiruhusu waziwazi. Kinachowapotosha wengi ni kwamba kill hutoa jibu la mafanikio mradi mlengwa yupo na mtumaji ana ruhusa, hata kama ishara imetupwa papo hapo. Anayetaka kujua ukweli asome mstari wa SigIgn (ishara zinazopuuzwa) katika /proc/PID/status, ambapo PID ni namba ya mchakato.

Dhana: Kwa hiyo nyuzi za NFS, mfumo wa kutumia faili za seva kupitia mtandao, ziko salama dhidi ya ishara yoyote.

Hapa ndipo hitilafu nyingi za ajabu zilipojificha. Kwa miaka mingi nyuzi za nfsd, zinazowahudumia wateja kwenye seva, ziliruhusu ishara kadhaa, SIGKILL na SIGINT zikiwamo, kwa sababu muundo wake wa awali ulitumia ishara kuzisimamisha. Hati (skripti) ya kuzima mashine iliyotuma SIGKILL kwa kila mchakato bila kubagua iliweza basi kuziondoa nyuzi hizo zote, ilhali wateja walikuwa bado na data ya kuandika. Seva ilijibu ping kama kawaida, na msimamizi akaulaumu mtandao. Uruhusu huo uliondolewa kwenye nfsd mwaka 2023, lakini seva zenye keneli za zamani zaidi bado zinafanya kazi. Kwa lockd, uzi unaosimamia kufuli za faili za NFS, mambo yalikuwa ya hila zaidi: katika keneli hizo za zamani, SIGKILL haikuuua uzi huo, bali iliuambia uachilie kufuli zote ulizokuwa umezishikilia, kisha uanze kipindi cha neema, ambapo wateja huzidai upya. Programu iliyoamini kwamba faili lake limefungwa ingeweza kujikuta ikigombea faili hilo na nyingine.

Njia sahihi ya kusimamisha huduma ni rpc.nfsd 0, na idadi ya nyuzi zilizo hai husomwa katika /proc/fs/nfsd/threads. Ukikuta sifuri pale ambapo hakuna aliyeamuru huduma izimwe, acha kwanza kukagua nyaya.

Dhana: Chaguo la intr la kupachika (mount) NFS litamwezesha mtumiaji kukatiza programu iliyokwama.

Ushauri huu umepitwa na wakati. Tangu keneli 2.6.25, ya mwaka 2008, chaguo hilo hupuuzwa, na ni SIGKILL pekee inayoweza kukatiza ombi la NFS linalosubiri. Hata hivyo, mchakato ulio katika hali ya D (usingizi usiokatizwa) unaweza kuendelea kukwama ikiwa msimbo unamosubiri si wa aina inayokubali kuuawa. Faili la /proc/PID/stack litaonyesha ni wapi.

Dhana: Kupachika NFS kwa chaguo la soft ni tiba.

Kwa maoni yangu, hii ni tiba inayozidi ugonjwa. Chini ya soft, maombi yakishindwa baada ya majaribio yaliyowekwa, programu hurudishiwa kosa, na programu isiyokagua makosa ya kuandika huacha faili lenye data pungufu bila mtu kujua. Chaguo la hard, ambalo ndilo la kawaida, husubiri bila kikomo na kuandika kwenye kumbukumbu za matukio (log) kwamba seva haijibu.

Dhana: Aliyetuma ishara hawezi kujulikana.

Anajulikana, mradi ufuatiliaji uwe umewashwa kabla ya tukio. Tukio la signal_generate katika mfumo wa kufuatilia wa keneli huandika ishara na mlengwa wake, na kichwa cha kila mstari hutaja mchakato uliokuwa ukiendeshwa wakati huo, ambao kwa ishara zinazotumwa kwa kill ndio mtumaji. Mara nyingi atakuwa hati ya usimamizi inayotafuta michakato kwa jina.