Je, wajua kwa nini Kampala ilifuata maji hadi Katosi?

Kampala iko ukingoni mwa Ziwa Victoria, na kwa miongo mingi imevuta maji yake Ggaba, kwenye Ghuba ya Murchison. Hata hivyo, shirika la taifa la maji lilikwenda kujenga mtambo mwingine Katosi, wilayani Mukono, wa lita milioni 160 kwa siku, pamoja na mabomba ya makumi ya kilomita kuyaleta mjini. Kwa nini lisiongeze tu pampu Ggaba?

Watu wameongezeka, ni kweli. Lakini pia maji ya ghuba yamechafuka.

Mfereji wa Nakivubo, unaopeleka maji machafu ya mji kwenye ghuba hiyo, hupita karibu na soko la Owino, ukakatiza eneo la viwanda na kubeba kila kinachomwagwa humo. Zamani mzigo huo wote ulipitia kwanza kwenye kinamasi cha mafunjo. Mizizi ya mafunjo husukana ikawa mkeka mnene unaoelea. Maji yakipenya humo hupunguza mwendo, tope hutua, bakteria walioshikamana na mizizi huozesha uchafu, na mmea wenyewe hufyonza nitrojeni na fosforasi. Mwaka 1999 wachumi walikadiria kuwa kazi hiyo ya kusafisha maji ina thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Na mafunjo hayadai mshahara.

Kinamasi hicho kimemegwa vibaya. Katika mji wa vilima, wenye viwanda na maghala hutamani mahali tambarare, karibu na reli ya Port Bell, penye viwanja vya bei nafuu. Kwingine wakulima wamefyeka mafunjo wakapanda magimbi. Sasa fosforasi inafika ghubani, mwani unastawi mpaka maji yanageuka kijani, vichujio vya Ggaba vinaziba, na shabu na klorini lazima ziongezwe.

Ibara ya 237 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inaitaka serikali izitunze ardhioevu kwa manufaa ya raia wote. Ajira za viwandani tunazihitaji, sibishi. Ila bei ya kiwanja kinamasini haikuhesabu kazi ya mafunjo, na gharama yake haikupotea. Imehamia kwenye dawa, umeme wa pampu na bili za maji, na hata mama wa Bwaise, mtaa wa watu maskini mjini Kampala, anayenunua maji jerikeni moja moja anaichangia.