Nyota yako ni Mashuke: jina limetoka wapi?

Mtu akisema "nyota yangu ni Mashuke" hakusudii nyota moja inayong'aa angani. Anataja kipande cha njia ambayo jua huonekana likiipita kwa mwaka. Njia hiyo ni duara la digrii 360. Igawe kwa 12, kila kipande kina digrii 30, na hicho ndicho buruji.

Mgawo huu ni wa Babeli, Iraki ya leo, karne ya 5 kabla ya Kristo. Mabamba yao ya udongo ya zamani zaidi yalitaja makundi ya nyota 17 au 18 kwenye njia ya mwezi. Waliyashusha hadi 12 ili yaendane na kalenda yao ya hesabu: miezi 12, kila mmoja siku 30.

Mashuke waliiita Absin, mfuo wa shamba lililolimwa, na alama yake ni shuke la shayiri mkononi mwa mungu wa kike Shala. Wagiriki walimtazama mwanamke, wakaiita Bikira. Waarabu walishika shuke, wakaiita Sumbula, na Kiswahili kikafuata hapo hapo. Hata Spica, nyota yake angavu kuliko zote, maana yake kwa Kilatini ni shuke. Punda ndiyo ya ajabu: huko Babeli ilikuwa kibarua wa shambani, kwa Waarabu ni Hamali, mwanakondoo, kisha kwetu akawa punda!

Tabia za moto (Punda, Simba, Mshale), udongo (Ng'ombe, Mashuke, Mbuzi), upepo (Mapacha, Mizani, Ndoo) na maji (Kaa, Nge, Samaki) ziliongezwa na Wagiriki.

Ukiambiwa tarehe 21 Machi jua liko kwenye kundi la Samaki, si Punda, ni kweli. Mhimili wa dunia huyumba polepole, na makundi yamesogea digrii 1 kila miaka 72 hivi. Buruji halikusogea, kwa sababu huhesabiwa kuanzia siku ya Machi ambayo usiku na mchana hulingana, na hapo ndipo Punda huanza.

Pwani kuna hesabu nyingine isiyotazama tarehe kabisa. Jina lako na la mama yako huandikwa kwa herufi za Kiarabu, thamani za abjadi (namba ambayo kila herufi ya Kiarabu imepewa) hujumlishwa, jumla hugawanywa kwa 12, na baki ndiyo nyota, Punda ikiwa 1 na Samaki 12 (ikibaki sifuri, ni Samaki). Ali ni 70+30+10, yaani 110. Fatima ni 80+1+9+40+5, yaani 135. Jumla 245, baki 5: Simba. Makosa mengi huanzia kwenye herufi ya mwisho ya Fatima. Anayeihesabu kama te, 400 badala ya 5, atapata 640, baki 4, na Ali huyo huyo atatoka Kaa.