Chuo kina washirika nchi kumi, mwanafunzi mjasiriamali anapata nini? Dhana potofu na ukweli

Ofisi nyingi za ushirikiano wa kimataifa vyuoni zina picha ukutani: viongozi wawili wanapeana mikono, bendera mbili ziko mezani. Wakati huohuo kuna mwanafunzi mwenye biashara changa anayetaka kumuuliza mtu wa nchi nyingine swali moja tu, na hajui aanzie wapi. Inaniuma, kwa sababu majibu anayoyatafuta mara nyingi chuo chake kinaweza kuyafikia. Kinachokwamisha ni imani fulani tulizozizoea.

Dhana: Hati nyingi za makubaliano ni mtandao mpana

Ukweli: hati ya makubaliano haijibu baruapepe. Ukitaka kujua kama ushirikiano uko hai, uliza: upande wa pili nani anashughulikia wajasiriamali, na mara ya mwisho aliongea na mwanafunzi wetu lini? Mara nyingi aliyesaini ameshastaafu na aliyemrithi hajui faili liko wapi. Washirika watatu mnaojuana kwa majina wanamfaa mwanafunzi kuliko hati thelathini zilizofungiwa kabatini.

Hata mtu akipatikana, namna ya kumwendea huharibu mambo. Barua ya kawaida husema: "Tunaomba ushirikiano wenu katika kumwendeleza mwanafunzi wetu mbunifu." Anayeisoma hajui anaombwa nini, basi anaiweka kando. Linganisha na hii: "Mwanafunzi wetu anatengeneza kipima unyevu wa nafaka. Anataka kujua kama maghala ya kwenu hupima kila gunia au huchukua sampuli. Tunaomba dakika 20 za mtu anayefanya kazi ghalani." Barua ya pili inajibika. Kumsaidia mwanafunzi kulifupisha hitaji lake hadi lifike hapo ni kazi ya mhadhiri, na kwa maoni yangu hakuna msaada mkubwa kuliko huo.

Dhana: Kinachotafutwa nje ni pesa

Ukweli: pesa huja, ila mapema zaidi biashara changa inahitaji kujua kama imelielewa tatizo.

Mwaka 2007 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walipewa kazi darasani: wabuni inkubeta, yaani mashine ya kuwatunzia joto watoto njiti, kwa gharama ndogo sana. Mmoja wao akasafiri hadi Nepal. Katika hospitali ya mjini akakuta inkubeta zipo, tena nyingine hazina mtoto. Watoto njiti wengi walikuwa wanazaliwa vijijini, mbali na hospitali hiyo, na hawakuwahi kufikishwa. Wazo lote likageuka. Waliacha kufikiria mashine ya hospitali, wakabuni kifuko cha kumfunikia mtoto chenye pakiti ya nta maalumu inayotunza joto la karibu nyuzi 37 kwa saa kadhaa. Kifaa hicho kikaja kuitwa Embrace.

Waanzilishi baadaye walihamia India, na huko nako wakafundishwa. Mama mmoja aliwaeleza kwamba angeweka joto chini ya kiwango alichoelekezwa, kwa kuwa aliamini dawa za Kizungu huwa kali mno. Wakaziondoa namba kwenye kipimo, wakabakiza alama inayoonyesha kama joto linatosha au la. Hakuna mwekezaji ambaye angewauzia maarifa hayo. Waliyapata kwa sababu walifikishwa mahali tatizo lilipo, wakasikiliza.

Dhana: Kushinda mashindano ya kimataifa ndiko kufika

Ukweli: mashindano yana faida zake. Katika Hult Prize kundi linaloshinda hupata dola milioni 1 za Marekani, na Enactus, shirika la wanafunzi wajasiriamali lililoanza mwaka 1975, hukutanisha wanafunzi wa nchi nyingi kila mwaka. Lakini jukwaa lina hatari isiyosemwa sana. Chini ya Mkataba wa Hataza wa Ulaya (hataza ni haki ya kisheria inayomlinda mvumbuzi), uvumbuzi uliokwisha kuelezwa hadharani kabla ya ombi la hataza kuwasilishwa kwa kawaida huhesabiwa si mpya tena. Marekani humpa mvumbuzi mwenyewe mwaka mmoja wa neema, aombe hata baada ya kuueleza hadharani; kwingine huenda hakuna. Dakika tano za kueleza kifaa chake mbele ya majaji zinaweza kumpotezea mwanafunzi haki katika masoko aliyokuwa akiyalenga.

Kwa hiyo kabla ya safari, chuo kimkalishe na mwanasheria. Ombi likishawasilishwa nchi moja, Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 unampa miezi 12 ya kuomba kwingine bila kupoteza tarehe ya ombi lake la kwanza.

Dhana: Akishasafiri, mengine yatajipa

Ukweli: inategemea anakaa na nani, na viza inamruhusu nini. Erasmus kwa Wajasiriamali Vijana, mpango wa Umoja wa Ulaya ulioanza mwaka 2009, humweka mjasiriamali mpya kwa mwenye biashara mzoefu wa nchi nyingine kwa mwezi 1 hadi 6, akiwa ndani ya kazi zenyewe. Mwanafunzi wa kubadilishana anayekwenda Uingereza kwa viza ya mwanafunzi, kwa upande mwingine, kwa kawaida haruhusiwi kujiajiri. Aambiwe hayo kabla hajafunga mizigo.

Dhana: Wahitimu walio nje ni wa kuchangisha

Ukweli: waombwe kwanza kumtambulisha mwanafunzi kwa watu wanaowajua. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kwamba waliopata kazi kupitia watu mara nyingi walisaidiwa na wale wasioonana nao mara kwa mara. Mhitimu wa miaka kumi iliyopita ni mtu wa namna hiyo hasa.

Dhana: Haya ni ya vyuo vikubwa

Ukweli: vyuo vikubwa vyenyewe hufundisha vingine. MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, ilianzisha huduma yake ya ushauri kwa wajasiriamali mwaka 2000, ambapo mwanafunzi hukaa na washauri kadhaa kwa pamoja badala ya mmoja, na chuo hakidai hisa katika biashara yake. Mfumo huo umefundishwa kwa taasisi nyingine duniani. Kuanza kunahitaji mfanyakazi mmoja aliyetengewa saa kadhaa kwa wiki, orodha ya majina iliyohakikiwa kwa simu, na ruhusa ya kutuma barua siku hiyohiyo mwanafunzi anapofika na swali lake.